Gari la Mpanda Miti: Kirikuu, Hilux, Mkonga au Kukodi?

Mvua za Desemba zikishika Mufindi na Njombe, kila mwenye shamba la miti anataka usafiri kwa wakati mmoja. Miche itoke kitaluni ikiwa na unyevu wake, vibarua wafike mlimani mapema, chakula na maji viwafuate, na njia ya kwenda huko ni udongo mwekundu uliolowa, unaomtelezesha hata mwenye miguu peku. Katika wiki hizo ndipo watu wengi huamua kununua gari, na uamuzi wa wiki hizo mara nyingi huwa mbaya. Aliyekwama mara mbili kwenye tope hununua gari la kumtoa kwenye tope, halafu miezi yote ya kiangazi analilisha dizeli na tairi kwa safari ambazo pikipiki ingezimaliza.

Msimamo wangu ni huu: mkulima wa miti mwenye ekari 10, 20 au hata 50 anunue gari la kazi anayoifanya kila wiki, na kazi nzito inayokuja mara chache kwa mwaka aikodie. Mkandarasi anayepanda, kupogolea na kuvuna kwa niaba ya wengine ana hesabu tofauti kabisa, na nitaifikia. Lakini kwa mkulima wa kawaida wa nyanda za juu kusini, kuanzia Mafinga hadi Makambako, Njombe, Ludewa na Makete, gari kubwa linalotamaniwa na kila mtu ndilo njia ya haraka ya kuimaliza faida ya miti kabla miti haijakomaa. Msindano unataka miaka mingi kufika ubao. Gari linataka pesa kila Jumatatu.

Hebu tuanze na mzigo, kwa sababu wauzaji huanza na injini na wanunuzi huwafuata.

Mche wa msindano ulio kwenye kiriba cha nchi nne, ukiwa umemwagiliwa, una uzito wa karibu nusu kilo. Ukipanda kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, hekta moja inachukua miche 1,111, yaani ekari moja ni kama miche 450. Ekari moja basi ni kilo 225 za miche, kabla hujapakia jembe, dumu la maji wala mtu. Sasa chukua Suzuki Carry, hii tunayoiita Kirikuu. Bodi yake ina urefu wa takriban mita 1.9 na upana wa mita 1.4. Ukisimamisha viriba vikabanana vizuri, safu moja inameza miche 650 hivi. Hizo ni kilo 325, na uzito ambao kiwanda kimeuruhusu ni kilo 350. Sakafu ikijaa safu moja tu, gari limefika mwisho wa uwezo wake. Anayejenga chanja ya pili juu ili apakie miche 1,300 kwa mkupuo mmoja anazikandamiza springi na fani ambazo hazikutengenezwa kwa mzigo huo, na atalipia gereji alichokiokoa kwenye mafuta.

Mbao zina hesabu yake. Ubao wa mbili kwa sita wenye urefu wa futi 12 una ujazo wa futi moja ya ujazo kamili. Ukitoka kwenye mashine ya kupasulia mbao, ile dingdong, ukiwa mbichi, unakaribia kilo 24. Ukianikwa ukakauka vizuri, hushuka hadi kilo 13 au 14. Kirikuu basi inabeba mbao 14 mbichi au 25 kavu, si zaidi. Na hapo kuna jambo jingine ambalo uzito peke yake hauonyeshi. Futi 12 ni mita 3.66, na bodi ni mita 1.9. Karibu nusu ya kila ubao inaning'inia nyuma ya gari. Mzigo uliokaa nyuma ya magurudumu ya nyuma huinua pua ya gari: usukani unakuwa mwepesi mkononi, na kwenye mpando wenye utelezi utageuza tairi za mbele huku gari likiendelea kwenda lilikokuwa likienda. Madereva wengi hulaumu tope. Kosa liko kwenye upakiaji. Kama ni lazima ubebe mbao ndefu kwa Kirikuu, jenga fremu ya chuma inayopita juu ya kabini ili mbao zilale juu ya gari zima, kisha punguza idadi.

Mzigo wa tatu ni watu, na wengi hawauhesabu kabisa. Vibarua 10 na mapanga yao ni kilo 650 au 700. Mzigo wa nne ni maji ya kuzimia moto. Miezi ya ukavu, kuanzia Juni hadi mvua zirudi, ndiyo miezi ya moto, na tanki la lita 500 likijaa ni nusu tani, tena nusu tani inayocheza kila unapokata kona. Andika mizigo hii minne kwenye karatasi, na pembeni ya kila mmoja andika unaubeba mara ngapi kwa mwezi. Karatasi hiyo ina thamani kuliko ushauri wa dalali yeyote.

Njia yenyewe

Magari ya huku yanafanya kazi kwenye kimo kati ya mita 1,700 na zaidi ya mita 2,000. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kirikuu ya cc 660 inayotoka kiwandani na nguvu farasi 48 hivi inabaki na chini ya 40 inapofika Njombe. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, inashuka kutoka kama 130 hadi karibu 105. Zote mbili hazina tabo, zote mbili zinaumia, ila moja ina akiba na nyingine haina. Ukilijaribu gari Dar es Salaam na kuridhika, kumbuka umelijaribu usawa wa bahari.

Halafu kuna hili neno 4WD, ambalo kwenye matangazo linaficha mengi. RAV4, X-Trail na Subaru Forester hupeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne, na kwa barabara ya changarawe ni magari mazuri ya familia. Lakini hazina gia nzito, ile L4. Bila L4, ukipanda mlima wenye makorongo na mzigo nyuma, ama unachoma klachi ama unapandisha joto la giaboksi. L4 inaongeza nguvu ya gurudumu zaidi ya mara mbili na kulipunguzia gari mwendo hadi hatua ya mtu anayetembea. Faida yake kubwa zaidi ni wakati wa kushuka: injini inalishika gari, breki zinabaki baridi, na wewe unabaki barabarani. Kwa shamba lililo bondeni au juu ya kilima, hili ndilo swali la kwanza kumuuliza muuzaji, hata kabla ya bei. Magari hayo ya familia siyashauri kwa kazi ya msitu, na sitayarudia tena.

Tairi zina uzito sawa na L4. Gari la 4WD lenye tairi za lami zilizolika litashindwa mahali ambapo gari la kawaida lenye tairi za kashata litapita. Kwenye udongo wa mfinyanzi meno ya tairi hujaa tope na kuwa laini kama mpira wa miguu, kwa hiyo unatafuta meno marefu yenye nafasi pana ambayo hujisafisha yakizunguka. Minyororo ya tairi, ambayo madereva wa malori wa huku huifunga masika, inapatikana pia kwa magari madogo na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na siku moja ya kuvutwa na trekta.

Magari manne na pikipiki

Kirikuu ya 4WD ndiyo ninayoipendekeza kwa mkulima mdogo, kwa masharti. Bei yake kwa madalali hutajwa kati ya shilingi milioni 10 na 15 kutegemea mwaka na hali. Injini ya K6A iliyo kwenye toleo la DA63T hutumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, hivyo kuna gharama moja kubwa ya matengenezo ambayo huna haja ya kuiwaza. Gari zima lina uzito wa chini ya kilo 800, na wepesi huo ndio siri yake kwenye tope: linaelea mahali ambapo gari la tani mbili linazama, na likikwama, watu wanne wanalinyanyua. Tairi zake ni za nchi 12, ndogo na rahisi kununua. Udhaifu wake ni kimo. Tumbo liko karibu na ardhi, kwa hiyo njia iliyochimbwa mifereji na Fuso inalikalisha juu ya tuta la katikati huku magurudumu yakizunguka hewani. Kama njia ya shamba lako inapitiwa na malori ya mbao, Kirikuu itapita kiangazi tu.

Masharti yenyewe ni mawili. Hakikisha ni 4WD kweli, kwa sababu nyingi zilizoko mitaani zinavutwa na magurudumu ya nyuma pekee. Ingia uvunguni uone kama kuna ekseli zinazokwenda magurudumu ya mbele, usitegemee stika. Na uliza kama ina gia nzito ya pili. Baadhi zilizotengenezwa kwa ajili ya wakulima wa Japani zinayo, nyingi hazina. Yenye gia hiyo ina thamani ya nyongeza ya bei, hata ikiwa rangi yake imechoka.

Toyota Hilux ya zamani, yenye dizeli ya 3L ya lita 2.8 au 5L ya lita 3.0 isiyo na tabo, ndilo gari la mkandarasi mdogo. Hutajwa kati ya milioni 20 na 35. Ya kabini moja hubeba karibu tani na bodi yake ni ndefu. Ya kabini mbili inakupa viti vya watu watano lakini inakunyang'anya karibu theluthi ya bodi, na huo ni ubadilishanaji unaostahili kufikiriwa kwa makini. Zile zenye ekseli nzima mbele, kama LN106, huvumilia mawe na mashimo kuliko zilizofuata zenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, ingawa hizi za pili ni laini zaidi barabarani. Karibu kila fundi wa mkoani ameshaifungua injini hii, na spea zake, za kweli na za bandia, zimejaa kila duka. Mwendo wake ni wa polepole sana mlimani. Kwa kazi ya msitu hilo halinisumbui hata kidogo.

Hilux za baadaye zenye injini za D4D zina nguvu zaidi na zinatumia mafuta kwa uangalifu, lakini nozeli zake zinahitaji dizeli safi. Vijijini tunanunua mafuta kwenye madumu, na dumu lililokaa kibandani likifunguliwa na kufungwa kutwa lina maji na mchanga. Injini ya zamani yenye pampu ya kimakanika huvumilia zaidi uchafu huo ukibadilisha filta mapema. D4D inakudai seti ya nozeli, na bili yake inaweza kula mapato ya msimu mzima. Ukinunua D4D, jaza mafuta kituoni mjini na beba akiba yako mwenyewe.

Land Cruiser mkonga haihitaji kuelezwa. Familia yake ya 70 ilianza 1984, na pikapu yenye 1HZ imekuwa gari la mashirika, serikali na mapori kwa muda mrefu kiasi kwamba kila mtu anaijua. Chasi nzito, springi imara nyuma, tairi za 7.50R16 ambazo malori madogo nayo huzitumia, hivyo hukosi tairi hata kwenye mji mdogo. Tatizo ni bei. Yenye hali ya kuridhisha huanzia kama milioni 60, na nzuri zinavuka 100. Watu husema inashika bei, na ni kweli, ukiiuza hupotezi sana. Lakini pesa iliyolala kwenye gari kwa miaka mitano ni pesa ambayo haikununua shamba la jirani lililokuwa likiuzwa, haikupogolea miti kwa wakati, na haikulipa ada. Mkonga unamfaa mwenye mkataba wa kila siku na taasisi inayolipa kwa wakati. Kwa mwingine ni heshima ya mtaani, na heshima ya mtaani haina faida kwenye daftari.

Land Rover 110 inastahili maneno yake. Uzalishaji wa Defender ya zamani ulikoma Januari 2016, lakini magari yenyewe bado yapo na yanauzwa, kwa milioni 15 hadi 40 kulingana na injini na chasi. Yenye 300Tdi, lita 2.5 na tabo, ina faida ambayo hizo Toyota mbili za zamani hazina: tabo huipunguzia makali ya kimo. Inapanda Makete bila kulalamika, na kiufundi ni rahisi kuielewa, haina kompyuta ya kukuchanganya. Bodi ya alumini haili kutu. Chasi yake inakula, hasa boriti ya nyuma kabisa, na mafuta yanavuja hapa na pale muda wote. Kanuni yangu ni moja: kama unaishi karibu na fundi wa Land Rover anayeipenda kazi yake, inunue, utapata gari la msitu kwa nusu ya bei ya mkonga au chini ya hapo. Kama fundi wa karibu yuko safari ya siku moja, achana nayo.

Pikipiki ya cc 125 au 150, TVS au Boxer, ndiyo chombo kinachodharauliwa kuliko vyote na kinachofanya kazi nyingi kuliko vyote. Kukagua shamba, kupeleka chensoo na lita tano za petroli, kuangalia barabara ya moto kama imefyekwa, kumfuata msimamizi: yote haya ni ya pikipiki. Mwenye ekari chini ya 10 simwoni akihitaji kingine isipokuwa siku za kupanda na kuvuna, na siku hizo atakodi.

Hesabu ya mafuta inavyogeuka

Watu hulinganisha magari kwa kilomita kwa lita, na kwa kazi ya mzigo kipimo hicho kinapotosha. Tuchukue lita moja kuwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. Bei kikomo halisi hutangazwa na EWURA kila mwezi. Kwa njia za vumbi zenye vilima, makadirio yangu ni kilomita 13 kwa lita kwa Kirikuu, 9 kwa Hilux ya 3L na 7 kwa mkonga. Kwenye L4 zote zinakunywa zaidi.

Mkulima ambaye shamba lake liko kilomita 15 kutoka nyumbani, anayekwenda mara tatu kwa wiki na mzigo usiozidi kilo 300, atatembea kama kilomita 4,700 kwa mwaka. Kirikuu itamgharimu takriban shilingi milioni 1.1 za mafuta, Hilux milioni 1.6, mkonga milioni 2. Ushindi ni wa Kirikuu, na bei ya kununua inaufanya ushindi huo kuwa mkubwa zaidi.

Sasa mgeukie mkandarasi anayepaswa kuhamisha tani moja kila siku, kilomita 20 kwenda na 20 kurudi. Kirikuu italazimika kwenda safari tatu, kilomita 120, lita 9 na kidogo, karibu shilingi 28,000 kwa siku. Hilux inakwenda safari moja, lita nne na nusu, kama 13,300. Mkonga nao safari moja, 17,000 hivi. Gari lililokuwa nafuu limekuwa ghali maradufu, na safari zake tatu zimekula siku nzima ya dereva. Ndiyo maana nimesisitiza karatasi ya mizigo. Mtu akikuuliza gari lipi ni nafuu kabla hujajua anabeba kilo ngapi kwa wiki, hakuna jibu la kumpa.

Kwa magari ya dizeli niliyoyataja, yaani 3L na 5L, 1HZ na 300Tdi, weka pia akiba ya mkanda wa taimingi. Zote zina mkanda. Kwenye injini hizo za Toyota ni kazi ya kila kilomita 100,000, na kwa gari la mkononi ambalo historia yake huijui, ubadilishe mara tu unaponunua. Mkanda ukikatika, valvu na pistoni hukutana, na hapo unanunua injini.

Anayetaka kuagiza mwenyewe kutoka Japani aanze na kikokotoo cha TRA cha thamani ya magari yaliyotumika kabla hajatuma hata senti. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT ni 18, na kwa magari ya abiria kuna ushuru wa bidhaa unaopanda na ukubwa wa injini: hakuna hadi cc 1,000, asilimia 5 hadi cc 2,000, na 10 juu ya hapo. Juu yake kuna nyongeza ya uchakavu kwa magari ya zamani. Gari linaloonekana la bei ya kutupa kwenye mnada wa Japani linaweza kufika bandarini likidai kodi inayokaribia bei yake. Na kama ni Kirikuu, omba picha za uvungu: magari ya maeneo ya theluji ya Japani hutembea kwenye chumvi inayomwagwa barabarani, na kutu yake hufichwa kwa rangi nyeusi mpya.

Ukinunua hapa nchini, dalali atakwambia gari halidai, ni kuweka mafuta tu. Msalimie vizuri, kisha nenda na fundi wako, tena asubuhi, injini ikiwa baridi. Gusa boneti kabla ya kuwasha. Ikiwa moto, kuna mtu ameshalihangaikia kuwaka. Fungua nati ya difu ya mbele uone oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia, na gari hilo limevuka mto kuliko ulivyoambiwa. Kwenye mkonga na Hilux yenye ekseli nzima, pitisha kidole upande wa ndani wa tairi za mbele. Grisi iliyochanganyika na oili pale ina maana sili za ekseli zimekwisha. Tafuta sehemu ya udongo laini, ingiza 4WD, kisha L4, na hakikisha magurudumu ya mbele yanavuta kweli. Magari mengi yaliyoishi mjini yana lever ambayo haijaguswa kwa miaka, na utaikuta imekufa.

Kukodi na kuchangia

Kazi ya kuvuta magogo na kushusha mbao kutoka ndani ya shamba si ya gari dogo lolote kati ya haya. Ni ya trekta. Massey Ferguson yenye tela inaingia mahali ambapo mkonga unasita, na mwenye trekta wa kijijini anajua kila korongo. Mkulima anayevuna mara moja baada ya miaka mingi hana sababu ya kumiliki uwezo huo. Kubalianeni bei kwa safari au kwa idadi ya mbao, si kwa siku, maana siku ya mvua ina saa chache za kazi na utalipia trekta lililosimama. Kutoka barabarani hadi sokoni, Fuso la kukodi. Hakikisha hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ile TP ya TFS, imeandikwa kwa idadi halisi ya mbao zilizopakiwa, kwa sababu mzigo ukishikwa kizuizini, mwenye gari ataendelea kukudai muda wake.

Vipo pia vikundi vya wapanda miti, vingi vilianzishwa au kuimarishwa wakati wa mradi wa Panda Miti Kibiashara uliofadhiliwa na Ufini. Kikundi cha watu 10 wenye ekari 15 kila mmoja kina kazi ya kutosha kwa Hilux moja. Mmoja mmoja hawana. Nimeona wazo hili likikataliwa kwa hofu ya ugomvi, na hofu hiyo ina msingi, lakini ugomvi wa gari la kikundi hutokea karibu kila mara mahali palepale: tairi na springi. Anayebeba tani na nusu siku yake harudishi gari lilivyokuwa, na anayefuata ndiye anayepasukiwa. Andikeni kikomo cha uzito, dereva mmoja tu, na kiasi kwa kila kilomita kinachowekwa kwenye akaunti ya matengenezo kabla gari halijaondoka, si baada ya kurudi.

Na kwenye mkataba huo huo, au kichwani mwako kama gari ni lako peke yako, weka sharti moja lisilojadiliwa: hakuna mtu juu ya mbao. Vibarua wa huku hupandishwa juu ya mzigo jioni kwa sababu ni njia ileile na wamechoka, na mbao mbichi zenye utomvu huteleza gari likiinama. Wanaoanguka huangukiwa na mzigo. Ukikosa nafasi ya watu, rudisha watu kwanza, mbao zilale shambani. Gharama ya safari hiyo ya pili kwa Hilux, kwa umbali wa kilomita 20, ni lita nne na nusu za dizeli, na iingie kwenye bajeti ya shamba tangu siku ya kwanza kama inavyoingia miche na mbolea.